Shule Yenye Ratiba Mbili

Kuna binti aliyeacha shule akiwa Kidato cha Pili kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika mimi. Ninalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu ninajijua. Naweza kujaza kurasa kwa mwandiko safi, nikalizunguka jambo pande zote, na nikamaliza bila kuligusa.

Shule yenyewe iko nje kidogo ya mji wa Mwanza, kwenye mteremko kati ya mashamba ya pamba na ziwa. Wazazi waliijenga wenyewe, katika miaka ile ambayo ghafla kila mtu aliruhusiwa kufungua kitu chake: duka, kibanda cha mitumba, kiwanda cha minofu ya sangara, shule. Mjini zilichipuka shule za watu binafsi zenye sweta za rangi na basi la kubeba wanafunzi. Wazazi wa kwetu wakaanza kuulizana kama ile ya kwao ya kuta zisizopigwa lipu ina maana yoyote. Wengine walisema watoto wahamishwe. Kamati ya wazazi ikasema kabla ya kuhama, ifanywe tathmini: mazuri yake yapi, mapungufu yake yapi, yaandikwe yote, yasomwe mkutanoni.

Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikuwahi kukaa darasa la sekondari hata siku moja. Nilimaliza la saba, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa, langu halikuwemo. Yote niliyoyajua niliyapata kwenye vitabu chakavu nilivyokuwa nikinunua mjini, kwenye soko la Makoroboi. Kimoja cha fizikia kilianzia ukurasa wa thelathini na moja. Nimekisoma chote, lakini mpaka leo kurasa zile thelathini nisizozijua hunikosesha raha, kama vile kila ninachokijua kimejengwa bila msingi. Nilikuwa nawaandikia watu barua za maombi ya kazi na risala za harusi. Nikikosea herufi moja nachana karatasi naanza upya. Hilo ndilo lililonipa sifa.

Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyewahi kuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, alikuja nyumbani mwenyewe.

"Binti," alisema, "wewe unaandika kama mashine. Walimu wakijitathmini watajisifu. Wazazi wakitathmini watagombana. Tufanyie wewe."

Nilikubali papo hapo. Niliona kwamba hatimaye ninaingia sekondari, tena kwa mlango wa mbele, nikiwa na daftari mkononi, na walimu watasimama nikiingia.

Na walisimama kweli. Kwa wiki nzima nilikaa nyuma ya madarasa. Nilikuwa nimepiga mstari kwa rula katikati ya kila ukurasa, kushoto nikaandika Mazuri, kulia Mapungufu. Niliandika kwamba mwalimu wa jiografia amechora ramani ya ziwa ukutani kwa mkaa, na visiwa vyake vyote. Niliandika kwamba vyoo vya wasichana havina milango. Niliandika kwamba darubini ipo, ila ni moja, na huvikwa kanga kama mtoto mchanga na kufungiwa kabatini, hivyo wanafunzi wengi wanaijua kwa kuichora tu. Niliandika kwamba wanafunzi wanaulizana maswali bila woga, jambo ambalo sikulitegemea. Kila jambo nilipanga liwe na sentensi mbili, si zaidi.

Kufika siku ya tano nilikuwa na mazuri kumi na mapungufu tisa.

Ninaona aibu kueleza jinsi ile tisa ilivyonisumbua. Nilitaka kumi kwa kumi. Nilijiambia kwamba kamati ikiona hesabu hazilingani itadhani nimependelea. Huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba upande wa kushoto ulifika chini kabisa na wa kulia ulibaki na nafasi tupu, na nafasi ile ilikuwa inanitazama. Siku ya sita, badala ya kufika masomo yakiwa yameanza kama siku nyingine, nikaenda kusimama getini tangu asubuhi, kutafuta pungufu la kumi.

Kengele iligongwa saa moja na nusu. Wanafunzi wakaingia, wakashika mafagio na ndoo za kumwagilia bustani. Saa mbili na nusu ikapita. Ndipo wakapanda kutoka upande wa ziwa wasichana watatu, sketi zimelowa pindo, viatu wameshika mkononi. Aliyetangulia alikuwa mrefu, na kwenye mikono yake magamba madogo yalikuwa yanang'aa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Saa hizi ndiyo saa za kuja shule?"

Wakatazamana. Yule mrefu akacheka.

"Dada, si ni giza sasa hivi!"

"Giza gani na jua limeshawaka?"

"Hee! Dada wa mjini huyu," mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Ngoja mwezi utoke," yule mrefu akasema. "Utatukuta sisi ndio tumekalia geti, wa milimani ndio wanachelewa."

Wakapita wakikimbia, wakicheka, harufu ya dagaa ikabaki.

Mimi si wa mjini. Nililijua giza lile vizuri kuliko nilivyojionyesha. Watu wa mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoshushia samaki, wakisema giza hawasemi usiku. Wanasema zile wiki ambazo hakuna mwezi, dagaa wanapofuata mwanga wa karabai na mitumbwi inarudi alfajiri imejaa. Dagaa wakifika wanaanikwa papo hapo, kabla jua halijawa kali, la sivyo matumbo yanapasuka na mzigo wote unaharibika. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, na watoto wa mwaloni wanaamka bila kazi. Haya nilizaliwa nayo. Nilimuuliza yule binti kana kwamba siyajui kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi.

Nikaenda ofisini kwa mkuu wa shule. Alikuwa mwanamume mwembamba, chaki imemganda kwenye kiwiko, anaziba pancha ya baiskeli yake katikati ya ofisi. Ukutani nyuma yake zilibandikwa karatasi mbili. Moja ilikuwa na kichwa cha habari Giza, ya pili Mbalamwezi. Zote ratiba za masomo.

"Nilikuwa nasubiri uzione," alisema.

"Mwalimu, shule ina ratiba mbili?"

"Ina mbili. Wakati wa giza tunaanza na usafi, bustani na kujisomea, masomo yenyewe yanaanza watoto wa ziwani wakishafika, na jioni tunachelewa kutoka. Mwezi ukitoka, hesabu asubuhi na mapema." Akaipuliza gundi. "Nilipohamia hapa nilichapa mwaka mzima. Nilichoka mimi, wao hawakuchoka kuchelewa. Siku moja nikashuka mwaloni alfajiri, nikaona wanachofanya. Nikarudi nikaketi na karatasi."

Nilifungua daftari. Akaona.

"Hilo naomba uliache," alisema. "Si siri, lakini usiliandike. Kamati ni watu wa ng'ombe na pamba. Mwezi wao wanautazama tu. Andika vyoo, andika darubini. Andika kwamba mkuu wa shule ana hasira, nayo ni kweli. Hilo liache."

Nikamjibu: "Mwalimu, tathmini lazima iwe na ukweli wote."

Naisikia sauti yangu mpaka sasa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefurahi kukataa kitu.

Sasa niseme lile nililolikwepa. Ile nafasi tupu ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu pekee, na wala si ile kubwa. Mimi pia nilianika. Mama yangu alikuwa mwanikaji wa dagaa, na nilipokuwa darasa la sita na la saba nilishuka naye mwaloni kila giza, kisha nikapanda shuleni nikiwa nimelowa pindo kama wale watatu. Kwetu hakuna aliyeketi na karatasi. Mwalimu wa zamu alinisubiri na fimbo, nne za mkononi, na darasa zima likaniita Mama Dagaa. Masomo ya asubuhi, ambayo karibu kila siku yalikuwa hesabu, niliyakosa nusu ya mwaka. Jina langu halikutoka. Halafu ninasimama mbele ya ukuta ule, naona mtu mmoja mwenye chaki kwenye kiwiko amelitatua kwa karatasi mbili na pini nane.

Ningeweza kulia. Ningeweza kuhesabu vipindi vya ratiba zote mbili pale pale, nione kama kuna somo linalopungua, mimi ninayehesabu kila kitu. Badala yake niliona wivu, wivu wa mtu mzima kwa watoto. Nilijiuliza kwa nini wao wapangiwe. Kwa nini yule mrefu apite getini akicheka.

Nikaandika: "10. Shule haina ratiba moja inayoeleweka. Wanafunzi wa ziwani huruhusiwa kuchelewa bila adhabu, na uongozi unalijua." Sentensi mbili. Niliyapenda yale maneno matatu ya mwisho. Niliyasoma kwa sauti mara kadhaa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi, darasa la Kidato cha Kwanza. Giza lilikuwa bado linaendelea, kwa hiyo wazazi wa mwaloni walikuwa mwaloni. Nilipoangalia waliokaa kwenye madawati niliwaona watu wa milimani watupu, na nikalitambua jambo hilo, na nikaanza kusoma.

Walinisikiliza kama redio. Mazuri yakapigiwa makofi. Vyoo vikawaudhi akina mama, fundi akachaguliwa hapo hapo. Nilipofika namba kumi, mzee mmoja wa nyuma akapasuka kwa kicheko.

"Kumbe shule yetu inakwenda na mwezi kama wanawake!"

"Koma wewe!" mama mmoja akamfokea, lakini naye alikuwa anacheka.

"Ndiyo maana za mjini zinatushinda," mwingine akasema. "Hivi kuna shule ya basi inayongoja dagaa?"

Mkuu wa shule akasimama. Akaanza kueleza, pole pole, kuhusu alfajiri na karabai. Hakufika mbali.

"Mwalimu," mwenyekiti akamkatiza, bila ukali, "haya hatukuyasema sisi. Kaandika binti, na yeye hana upande. Au unasema kaandika uongo?"

Watu wakanigeukia. Mkuu wa shule naye akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ile aliyosema anayo. Alikuwa anangoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema: ni kweli, ila nimeiweka upande usio wake. Au niseme tu kwamba mimi pia nilianika. Nilitazama chini kwenye ukurasa wangu, nikaona mahali nilipokosa kuweka mkato. Nikatoa kalamu nikauweka.

Walipoona nainamia karatasi wakadhani nimethibitisha. Ikapitishwa kuanzia Jumatatu: ratiba moja, ya hesabu asubuhi, na geti lifungwe saa moja na nusu kamili. Mwenyekiti akaniomba niandike tangazo la getini kwa mwandiko wangu. Nikaliandika. Na kwa kuwa kazi yangu iliwapendeza, kamati ikanipa nafasi ya karani wa shule, ambayo ilikuwa wazi. Kazi hiyo ninayo mpaka leo ninapoandika haya, mwaka wa tatu sasa.

Wawili kati ya wale watatu walijitafutia njia. Mmoja alihamia kwa shangazi yake Butimba, wa pili mama yake alimtoa kwenye kuanika kabisa. Yule mrefu aliishi na bibi yake, wao wawili na mdogo wake wa kike aliyekuwa bado shule ya msingi. Bibi alikuwa na mgongo mbovu. Wiki ya kwanza binti alifika kila siku saa mbili na nusu akakuta geti limefungwa, akakaa nje kwenye jiwe mpaka mapumziko. Nilikuwa namwona kutoka dirisha la ofisi. Nilikuwa mgeni kazini, nikajiambia kwamba sina mamlaka. Mwezi ulipotoka alikuja, saa nzima kabla ya kengele. Giza lililofuata alikuja siku mbili. Lililofuata hakuja, na mwezi ulipotoka hakurudi.

Mwishoni mwa mwaka kazi yangu ilikuwa kunakili rejista upya, kwa sababu ya zamani ilikuwa na madoa. Nilifika kwenye jina lake nikanakili alama za kutokuwepo, moja baada ya nyingine, zikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa na ukurasa wa pili. Ndipo nikaenda kwenye kabati la mkuu wa shule, nikazitoa ratiba zile mbili za zamani, nikahesabu vipindi. Kila somo lilikuwa sawa. Hakuna hata dakika kumi zilizokuwa zinapotea. Alikuwa amefanya kazi kamili, kazi ambayo mimi maisha yangu yote nimejifanya naifanya.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimwambia namba kumi ilikuwa kosa langu, naomba niisahihishe.

"Kosa la wapi?" akauliza. "La mwandiko?"

"La mawazo, mzee."

"Binti, karatasi ikishapitishwa imepitishwa. Na geti limetusaidia. Wazazi wanasifu." Kisha, kwa upole: "Usijitese. Wewe una tabia ya kujitesa."

Aliniona vizuri, lakini hakuona ninachojitesea.

Ikabaki kwenda mwaloni. Nilichagua asubuhi ya giza, kwa sababu nilijua nitamkuta. Nilibeba vitabu vyangu vyote ndani ya kiroba, hata kile cha fizikia kisicho na mwanzo. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza, mchanga wote umetandazwa nyavu chakavu, na akina mama wameinama wakisambaza dagaa kwa viganja. Yeye alikuwa karibu na maji. Bibi yake alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akifukuza yangeyange kwa fimbo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye karani?" akamuuliza mjukuu wake, si mimi.

"Ndiye."

"Mwambie asikanyage dagaa."

Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikaanza hotuba niliyokuwa nimeipanga. Nikamwambia kwamba yale ya geti na ratiba niliyaandika mimi.

"Najua," alisema, mikono haikusimama. "Nilikaa pale nje wiki nzima natazama tangazo. Mwandiko wako naujua. Mzuri."

Nikamwambia nimeleta vitabu. Nitashuka kila Jumamosi na Jumapili kumfundisha, atafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi mwenyewe nilijisomea bila mwalimu, kwa hiyo inawezekana.

Hapo akasimama wima. Alikuwa amerefuka zaidi.

"Dada," alisema, "wewe ulijisomea kwa sababu hukuwa na shule. Mimi nilikuwa nayo."

Hakulisema kwa chuki. Angalisema kwa chuki ningalipata kitu cha kujibu. Bibi akapiga fimbo mchangani, ndege wakaruka wakatua tena palepale.

Nikamwambia basi nitakwenda kwa mkuu wa shule, tuirudishe ratiba ya giza, hata kimya kimya.

"Usiguse tena," akasema haraka, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu usoni mwake. "Mdogo wangu kachaguliwa, Januari anaanza Kidato cha Kwanza hapo hapo. Tumeshapanga. Mimi naanika, yeye anawahi. Mkibadilisha badilisha tena, mtatuharibia."

Nilisimama na kiroba changu. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na nikaona kwamba kuuomba ni kumuongezea kazi nyingine asubuhi ile, naye ana beseni mbili hazijamwagwa.

"Kipo cha hesabu humo?" akauliza baadaye.

Nikakitoa. Akajipangusa viganja kwenye kanga, akakipokea, akafungua ukurasa wa kwanza kuhakikisha kwamba upo.

"Hiki nitampa yeye," akasema. "Vingine rudi navyo."

Akakiweka mapajani kwa bibi, akainama kwenye beseni, na kwa kuwa jua lilikuwa linapanda, hakuniangalia tena.